Mali bila daftari: tulivyoorodhesha gemu za marehemu kaka yetu

Leo tunawaletea habari ambayo huenda ikawashangaza kwenye ukurasa uliozoea nguo za harusi, udi na malezi ya watoto. Ni habari ya gemu za PlayStation na namna ya kuchagua kifaa cha kuziorodhesha. Msitukimbie. Ndani yake mna yatima, mna mjane, mna mirathi, na mna jambo la kumfaa kila biharusi anayefunga masanduku yake.

Sisi ni ndugu wawili wa tumbo moja. Mmoja wetu ana duka la kushona Mwanjelwa, Mbeya. Mwingine yuko Iringa mjini pamoja na mama. Kaka yetu mdogo, Allah amrehemu na ampanulie kaburi lake, alifariki Mbeya akaacha mke, mtoto mmoja wa kiume wa miaka sita, na mama yetu. Baba alikwishatangulia. Kaka hakuacha shamba wala nyumba. Aliacha vyombo vya ndani, pikipiki, na gemu. CD alizokusanya tangu yuko sekondari, mashine tatu za PlayStation, pedi, nyaya, memori kadi na diski moja ya nje. Sehemu kubwa ilikuwa nyumbani kwake Mbeya, na nyingine ilibaki Iringa katika chumba chake cha ujanani.

Matanga hayajaanuliwa, maneno yakaanza. Huyu anasema hivyo ni vitu vya kuchezea, wagawieni watoto wa ukoo wafurahi. Yule anaomba pedi mbili tu. Mwingine anasema marehemu alimwahidi mashine moja. Wote walisema kwa upole, na hatuamini kwamba kuna aliyekuwa na nia mbaya. Watu wakisikia neno "mchezo" hawaoni mali. Lakini kitu kilichonunuliwa kwa pesa na kinachoweza kuuzwa kwa pesa ni mali, hata kama kazi yake ni kuchezewa.

Kwa nini sisi, na kwa nini kuandika

Katika mirathi ya Kiislamu, marehemu akiacha mtoto wa kiume, dada zake hawarithi. Kwa hiyo sisi wawili hatukuwa na hata shilingi moja humo. Mama na wifi yetu wakaona hilo ndilo linalotufaa kuwa waandishi, kwa kuwa mkono usio na fungu hauna sababu ya kuongeza wala kupunguza.

Mafungu yenyewe yamepangwa katika Surat An-Nisaa. Mke, kukiwa na mtoto, hupata thumni, yaani moja ya nane. Mama, kukiwa na mtoto, hupata sudusi, moja ya sita. Kinachobaki ni cha mtoto wa kiume. Ukichukua sehemu 24, mjane ana 3, mama ana 4, na mtoto ana 17. Tuseme mali yote ina thamani ya shilingi 2,400,000. Mjane atapata 300,000, mama 400,000, na mtoto 1,700,000. Ona basi: kila pedi inayotolewa kwa ukarimu pale msibani, sehemu yake kubwa inatoka mfukoni mwa yatima wa miaka sita. Na aya za mwanzo za sura hiyohiyo zinatuonya vikali kuhusu mali ya yatima. Tulipolitazama jambo kwa jicho hilo, CD za gemu ziligeuka kuwa amana nzito.

Kabla ya kugawa chochote kuna gharama za mazishi, kuna madeni, na kuna wasia kama upo. Kwa mtu wa gemu deni lina sura nyingi, kwa sababu vijana huazimana CD kama sisi tunavyoazimana sufuria za shughuli. Zipo za watu alizokuwa nazo yeye, na zipo zake zilizo kwa watu. Aya ya 282 ya Surat Al-Baqara, ambayo ndiyo aya ndefu kuliko zote ndani ya Qur'ani, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Tukajiambia, kama deni limepewa nafasi yote hiyo, nasi tutafute kalamu.

Upande wa serikali pia kuna utaratibu. Huku Bara, msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo anatakiwa ndani ya miezi minne kupeleka orodha ya mali na madeni ya marehemu katika Fomu namba 5, kisha hesabu ya ugawaji katika Fomu namba 6. Dada zetu wa Visiwani mnaijua Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Popote utakapokwenda, swali la kwanza ni lile lile: orodha iko wapi?

Orodha ni ya nini? Anzia hapo

Kijana mmoja wa ukoo, mjuzi wa mambo haya, alitwambia zipo programu za simu zilizotengenezwa kwa ajili ya kuorodhesha gemu tu. Tukazitazama kwa makini. Lakini kabla ya kushusha chochote tulikaa tukaandika maswali ambayo orodha yetu lazima iyajibu. Fundi cherehani hakati kitambaa kabla ya kumpima mteja.

Mkusanyaji wa gemu aliye hai anauliza: ninayo ipi, nimeimaliza ipi, ipi nikainunue. Sisi tulikuwa na maswali manne. Ni kitu gani hasa? Ni cha nani? Kiko wapi? Kina thamani gani? Juu ya hayo tukaongeza la tano, ambalo ndilo lililoamua mambo yote: je, kila mrithi anaweza kuisoma orodha hii na kuikagua mwenyewe?

Hili la tano lilikuwa zito. Mama anasoma, lakini simu yake ni ya kubonyeza. Wifi yetu alikuwa ndani ya eda, miezi minne na siku kumi, hawezi kupanda basi kuja Iringa kuangalia nini kimo katika chumba cha mumewe. Kutoka Mbeya hadi Iringa unapita Igawa, Makambako na Mafinga, zaidi ya kilomita 300. Warithi wawili wakubwa walikuwa mbali namna hiyo, na kila mmoja ana haki ya kujua yaliyoko kwa mwenzake.

Programu za wakusanyaji

Tuliyoianza ni CLZ Games, ya kampuni ya Uholanzi. Unaelekeza kamera ya simu kwenye bakodi, ile mistari myeusi nyuma ya kasha, na gemu inajitokeza yenyewe na picha, jina, mwaka na aina ya mashine. Inatumika kwa kulipia usajili. Ipo pia GAMEYE, ambayo nayo husoma bakodi. Ni kazi nzuri kweli, na mtu mwenye kabati lililojaa makasha orijino atamaliza rafu nzima kabla maji ya chai hayajachemka.

Kabati la kaka halikuwa hilo. Tulihesabu CD 126: Mbeya 91, Iringa 35. Kati ya hizo orijino zilikuwa 54, na 72 zilikuwa za kuchoma. Na katika orijino 54, zilizokuwa ndani ya makasha yake yenye bakodi zilikuwa 23 tu. Nyingine zilikaa katika zile pochi za CD zenye kurasa za plastiki, maana ndivyo vijana wa huku wanavyobeba gemu kwenda kwa rafiki. Kifaa kinachosoma bakodi hakina la kusema mbele ya CD isiyo na kasha. Ungeweza kuandika jina kwa mkono ukaipata, lakini hapo faida ya kasi imekwisha.

Backloggd tuliiangalia pia. Hiyo ni kama shajara ya mchezaji: amecheza nini, ameipa nyota ngapi, anangoja ipi. Kwa kijana wako nyumbani huenda ikamfaa. Kwa mirathi haina safu ya kuandika "hii ni ya jirani."

PriceCharting ni tovuti ya bei. Hukusanya bei za gemu zilizouzwa mtandaoni, hasa eBay, na kuzionyesha kwa dola za Marekani. Ilitusaidia kujua ipi ni adimu na ipi ni ya kawaida. Lakini bei ya mnunuzi wa Marekani, anayetaka kasha lisilo na mkwaruzo na kile kitabu chake cha ndani, haiwi bei ya CD tupu Mwanjelwa. Thamani ya mirathi ni ile ambayo kitu kinauzika pale kilipo. Kwa hiyo tuliuliza bei kwa wauzaji watatu wa gemu mjini Mbeya, mbele ya msimamizi, tukaandika zote tatu na kuchukua ya kati.

Tulichokichagua

Mwishowe tulitumia vitu vitatu kwa pamoja, na kila kimoja kilipewa kazi yake.

Cha kwanza ni kauntabuku, kwaya mbili, ileile tunayotumia dukani kuandika vipimo vya wateja. Hii tuliifanya ndiyo asili. Imeandikwa kwa wino na kurasa zina namba. Mstari ukikosewa unapigwa mstari mmoja na kutiwa saini pembeni, haufutwi. Mama anaweza kuishika mkononi, akageuza kurasa, akauliza. Haihitaji bando wala chaji.

Cha pili ni jedwali la Google Sheets katika simu zetu. Mbeya wanaandika, Iringa wanaona saa ileile. Linajumlisha bei lenyewe na kupanga kwa jina au kwa mashine. Kilichotuvutia zaidi ni historia ya mabadiliko: ukibofya unaona nani alibadili nini na saa ngapi. Katika mambo ya mirathi hilo ni ngao kwa mwandishi, hata kama hakuna anayemshuku. Na wakati wowote unaweza kulichapisha steshenari au kulitoa kama faili ukampa mtu mwingine. Hilo la kutoa nje lizingatieni sana mnapochagua programu yoyote. Orodha isiyotoka ndani ya programu ni kama nguo iliyofungiwa katika sanduku ambalo ufunguo wake anao mtu mwingine.

Cha tatu ni picha. Kila CD ilipigwa picha mbili, mbele na nyuma, ikiwa juu ya kitambaa cheupe chenye karatasi ya namba pembeni. Kule nyuma ndiko mikwaruzo inakoonekana, na mikwaruzo ndiyo bei. Picha zote zilitumwa katika kundi la WhatsApp la watu wanne: sisi wawili, wifi, na msimamizi. Wifi alikagua kila kitu akiwa nyumbani kwake, ndani ya sitara yake. Marafiki wa marehemu waliotaka kuuliza walituuliza sisi, hakuna aliyelazimika kumgongea mlango.

Namba hatukubandika juu ya CD. Stika juu ya CD huivuruga inapozunguka ndani ya mashine. Tuliandika namba kwenye bahasha ya karatasi na CD ikaingia humo. M kwa Mbeya, I kwa Iringa: M001 hadi M091, I001 hadi I035. Anayeshona sare za shule atauelewa utaratibu huu mara moja.

Safu za daftari

Jina la gemu peke yake halitoshi. Chukua FIFA 14: ilitoka kwa PS2, kwa PS3 na kwa PS4, jina lile lile, na kwa kawaida CD ya moja haiingiliani na mashine ya nyingine. Kwa hiyo tuliandika jina, mashine, na ile namba iliyochapwa kwenye CD yenyewe. Ya PS2 iliyotengenezewa soko la Ulaya huanza na SLES au SCES, ya Marekani SLUS au SCUS. Ya PS3 utaona BLES au BLUS. Ya PS4 ni CUSA. Namba hii inafaa pia wakati wa kuuza, kwa sababu PS2 ambayo haijaguswa na fundi haichezi CD ya soko jingine.

Safu iliyofuata ni orijino au ya kuchoma. Orijino imechapwa picha za rangi na namba zake. Ya kuchoma nyingi zimeandikwa kwa kalamu, na chini mara nyingi utaona rangi ya zambarau. Hizi 72 tuliziandika zote, lakini katika safu ya thamani tukaacha wazi na kumpelekea suala sheikh. Wapo wanaoona hili ni jambo dogo. Jopo la Fiqhi la Kimataifa, katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988, lilikwishatoa azimio kwamba haki za utunzi na ubunifu zinalindwa kisheria na haifai kuzivamia. Nasi hatukutaka kumlisha yatima kwa kitu chenye shaka. Hazikuuzwa.

Kisha safu ya umri. Makasha ya soko la Ulaya yana alama ya PEGI: 3, 7, 12, 16 au 18. Gemu za mpira za FIFA ni PEGI 3. GTA San Andreas ni PEGI 18, na mzazi yeyote akiitazama dakika kumi ataelewa kwa nini. Kwa CD zisizo na kasha tulitafuta alama hiyo kwenye tovuti ya PEGI. Mtoto wa miaka sita akija kudai kumbukumbu ya baba yake, mama yake anajua cha kumpa na cha kumficha.

Gemu za kushusha mtandaoni tuliziweka ukurasa wake bila bei. Masharti ya PlayStation Store yanasema mnunuzi anapewa leseni ya kuzitumia, na leseni hiyo haihamishiki kwa mtu mwingine. Kwa hiyo ule mkusanyiko ulio ndani ya akaunti hauwi kama ulio ndani ya kabati. Akaunti yenyewe hatukuifungua. Mtu akifariki, siri zake ni sitara yake.

Na mwisho, safu iliyobeba uzito kuliko zote: mwenye mali.

Safu ya mwenye mali

Mashine zilikuwa tatu: PS2, PS3 na PS4. Mtu akiingia ndani anaona mashine tatu za marehemu. Tulipoandika, mambo yakajifungua.

Rafiki mmoja wa kaka alikuja akasema ile PS3 ni yake, aliiacha pale alipohama nyumba. Wapo waliomtazama kwa jicho la pembeni. Sisi tukamwandika katika ukurasa wa madai na kumwomba ushahidi. Baada ya wiki alirudi na kasha la mashine. Namba iliyo ubavuni mwa kasha na namba iliyo nyuma ya mashine zilikuwa moja. Alipewa PS3 yake, akatia saini, na marehemu akaondokewa na amana ya mtu shingoni.

PS4 ilikuwa ya wifi. Aliinunua mwenyewe alipopokea zamu yake ya mchezo, ule wa kina mama wa kuchangiana kila wiki, akampelekea mumewe nyumbani wacheze wote. Pesa za mchezo zikanunua mchezo! Risiti ilikuwa na jina lake, na wenzake wawili wa kundi walikumbuka wiki ile. Hakuwahi kumpa mumewe iwe yake. Mali ya mke ni ya mke, ndoa haiimezi. Kwa hiyo nayo ikatoka katika mirathi.

Katika mashine tatu, ya marehemu ilibaki moja, ile PS2 ya zamani. Hebu fikirini kama zingegawiwa pale msibani kwa macho tu. Tungegawa mali ya mtu aliye hai na mali ya mjane, tukasema tumegawa mirathi.

Kwa CD, tano kati ya orijino zilikuwa za watu, zikarudi kwao. Na tisa za kaka zilikuwa nje. Tulizijua kutokana na karatasi alizochomeka mwenyewe kwenye pochi, kila CD iliyotoka ameacha jina la aliyeichukua. Alhamdulillah, kumbe naye alikuwa mtu wa kuandika. Tulipopiga simu saba zilirejea, nyingine zikija na samahani na sukari ya msiba. Mbili bado, zimeandikwa kama deni. Orijino za mirathi zikawa 56.

Ilivyokwisha

Siku msimamizi alipoijaza Fomu namba 5, alinakili tu. Kauntabuku mkononi, karatasi zilizochapishwa mezani, picha kwenye simu. Hakuna aliyebishana kwa sababu hakuna aliyekuwa anaona kitu kwa mara ya kwanza.

Eda ilipokwisha, wifi alikaa na mama wakakubaliana. Gemu nyingi ziuzwe pamoja na PS2, na fungu la mtoto litunzwe. Gemu chache za mpira zibaki, zihesabiwe ndani ya fungu la mtoto, awe nazo kama ukumbusho wa baba yake. Mama aliposomewa fungu lake alinyamaza kidogo, kisha akasema amempa mjukuu. Tulimuuliza mara mbili, mbele ya msimamizi, kama amelijua kiasi chake. Akasema amekijua, na ndiyo maana anatoa. Neno hilo lilitufunza. Mtu hawezi kusamehe asichokijua, wala kutoa kisichohesabiwa. Pale msibani kila mtu alikuwa anatoa cha mwingine. Baada ya orodha, mama alitoa cha kwake.

Kwenu maharusi

Biharusi mpenzi, huenda mumeo mtarajiwa hajawahi kugusa gemu. Huenda yeye ni vitabu, au viatu, au zana za ufundi. Na wewe una kanga zako, dhahabu, vyombo vya kupikia, na cherehani uliyopewa na wazazi. Siku ya ndoa kila kitu huingia nyumba moja, na baada ya miaka mitano hakuna anayekumbuka nini kilitoka wapi. Mapenzi yakiwa matamu hapo, daftari linaonekana kama kutoaminiana. Lakini kuandika kumeamrishwa kwa watu wanaoaminiana pia, na anayekulinda kwa kalamu leo anakulinda na maneno ya watu kesho.

Kwa hiyo, kabla ya kupamba chumba, nunua kauntabuku. Andika vya kwako, andika mahari yako na siku uliyoipokea, mwachie na yeye kurasa zake aandike vyake. Piga picha vitu vya thamani na namba zake za nyuma. Tunza risiti za simu, jokofu na cherehani. Mkipeana zawadi, andikeni kwamba ni zawadi. Mkiazima au kuazimisha, andikeni jina na siku. Mkitaka programu ya simu, chagueni ile ambayo inakubali kutoa orodha yenu nje, na ambayo hata mama mkwe anaweza kusomewa akaelewa. Isipokubali hayo mawili, hata ikiwa nzuri namna gani, ipiteni.

Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tunaongeza kwamba hata amana hupotea hivyo hivyo, na hiyo ndiyo hasara tutakayoulizwa.

Tunamwomba Allah amsamehe kaka yetu, amlee mwanawe katika kheri, ampe wifi yetu subira na riziki njema, na atujaalie sote tuwe waandishi wakweli wa mali za wengine. Amin. Tukirudi wiki ijayo, inshaAllah, tutarudi kwenye mishono ya abaya kama tulivyoahidi. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.